Uzi: Mfupa uliovunjika unaungaje, unachukua muda gani, na kwa nini mwingine unagoma

#1 Gango

Habari za saa hizi wakuu. Kila uzi wa ajali ya bodaboda unaishia kwenye maswali yaleyale ya mifupa na majibu yanayogongana: wiki 6, miezi 3, kanyaga, usikanyage, kunywa kongoro. Tuyaweke mahali pamoja. Naanza na jinsi mfupa unavyojiunga; wenzetu wa chumba cha plasta na wa fiziotherapia wataongezea.

La kwanza: hogo (plasta ngumu ya kufungia) haliungi mfupa, na chuma hakiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe. Hogo, chuma, gango la mianzi, vyote kazi yake ni kushikilia vipande vikae mahali pake hadi kazi iishe. Asiyelielewa hili ndiye anayekata hogo wiki ya 3 kwa sababu maumivu yamekwisha, au anayetupa magongo wiki aliyotoka thieta (chumba cha upasuaji) kwa kuwa "ameshawekewa chuma".

Mfupa ni kitu hai. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfati yanayoupa ugumu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kolajeni, protini inayoufanya ujipinde kidogo bila kukatika. Ndani yake kuna seli zinazojenga (osteoblasti), zinazobomoa (osteoklasti), na osteosaiti zilizofukiwa katikati, ambazo zinahisi uzito unaobebwa na kuwaelekeza wajenzi na wabomoaji wapi pa kufanya kazi. Nje umevikwa utando mwembamba uitwao periosti, wenye damu nyingi na akiba ya seli za kujenga. Huo utando muukumbuke, tutaurudia.

Mfupa ukivunjika, damu inavuja na kuganda hapohapo kwenye ufa. Siku chache za mwanzo panavimba, panapata joto, panauma. Uvimbe huo una kazi yake: seli za kinga zinaondoa tishu zilizokufa na kuita seli za kujenga. Kufikia wiki ya 2 au ya 3 ufa unajazwa nyuzi na gegedu (tishu inayopinda, kama ya sikioni). Hapo ncha zimeshikana lakini ukizipinda zinapinda, na kwenye eksirei mara nyingi huoni kitu kwa sababu gegedu halina kalsiamu ya kutosha kuonekana. Kuanzia kama wiki ya 4 gegedu linabadilishwa kuwa mfupa mchanga uliopangika ovyo. Eksirei inaanza kuonyesha wingu jeupe kuzunguka mahali palipovunjika. Ndilo lile fundo mnalolipapasa. Baada ya hapo wabomoaji na wajenzi wanalichonga fundo taratibu kufuata uzito unapopita, kazi ya miezi mingi hadi miaka.

Sasa kwa nini kutikisika kunaharibu? Chukua ufa wa milimita 1. Tishu laini ya siku za mwanzo inavumilia ufa huo ukivutika hadi milimita 2, yaani asilimia 100. Gegedu linavumilia kama asilimia 10, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Mfupa kamili huvumilia asilimia 2 tu. Kwa hiyo ufa unaochezacheza kila siku unakwama kwenye hatua ya nyuzi na gegedu, hauwezi kupanda daraja. Ila mchezo mdogo mno, wa kipimo, unachochea fundo kukua. Ndiyo maana mfupa uliotibiwa kwa hogo huota fundo kubwa, na uliobanwa kwa bamba na skrubu ukatulia kabisa unaweza kuunga bila fundo lolote. Asiyejua akiona eksirei ya namna hiyo anadhani haujaunga.

#2 Kisiki

Shukrani mkuu, umeshusha madini (ya kalsiamu). Sasa twende kwenye muda. Huyu anaambiwa wiki 6, yule miezi 3, mwingine mwezi wa 5 bado ana magongo, na wote wamevunjika "mfupa" tu. Tushike lipi?

#3 Gango

Kisiki, wote wanaweza kuwa wameambiwa kweli. Kuna kanuni ya zamani ya daktari Mwingereza, George Perkins, rahisi kuikariri. Mfupa wa mkono uliovunjika kwa kujisokota, ule ufa mrefu wa mshazari, unashikana ndani ya wiki 3. Zidisha kwa 2 upate muda wa kukomaa: wiki 6. Kama ni mguu, zidisha tena kwa 2: wiki 12. Kama umekatika moja kwa moja kwa upana, zidisha tena kwa 2: wiki 24. Kwa mtoto, gawanya kwa 2. Ni makisio, hayachukui nafasi ya eksirei, lakini yanaonyesha kwa nini majibu yanatofautiana.

Tofautisha kushikana na kukomaa. Mfupa ulioshikana haukatiki kirahisi na hauumi sana ukiguswa. Uliokomaa unabeba uzito. Katikati ya hapo ndipo watu wanapovunjika upya.

Kisha tazama damu. Mfupa wa muundi, upande wa mbele, umefunikwa na ngozi tu. Hauna nyama ya kuuletea damu, na ukivunjika hadi kutoboa ngozi hata ile periosti inachanika. Ndiyo sababu muundi unaongoza kwa kugoma. Mwingine ni kale kamfupa ka kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, skafoidi. Damu yake inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati kipande cha nyuma kinabaki na njaa. Wiki 8 hadi 12 ni kawaida, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa kabisa. Mtu akianguka akajizuia kwa kiganja, na akibonyeza lile shimo la chini ya gumba linauma, atibiwe kama kavunjika, arudie eksirei baada ya siku 10 hadi 14.

#4 Bi Nuru

Naomba niingie upande wa hogo, maana hapo ndipo panapoharibika mengi bila daktari kuwapo.

Siku za mwanzo kiungo kinavimba, kwa hiyo usizungushe hogo zima. Weka nusu, upande mmoja, lishikiliwe na bandeji. Pima urefu kwenye mkono au mguu mzima, si ule mgonjwa. Pamba tabaka 2, na uongeze kwenye mifupa iliyochomoza: kiwiko, vifundo vya mguu, kisigino, na pale pembeni chini ya goti ambapo mshipa wa fahamu unapita juujuu. Pale pakibanwa, mgonjwa anaamka hawezi kuinua unyayo. Tabaka za plasta kwa mtu mzima ni 8 hadi 10 kwa mkono, 12 hadi 15 kwa mguu.

Maji yawe ya kawaida, si ya moto. Plasta yenyewe ikiganda inatoa joto. Ukichanganya maji ya moto, tabaka nyingi, na mto chini yake, unaunguza ngozi kwelikweli. Zamisha mpaka mapovu yaishe, kamua kidogo, sugua tabaka zishikane ziwe kitu kimoja. Shika kwa kiganja. Alama ya ncha ya kidole inaganda ikiwa bonde, na chini yake ndipo kidonda kinapoanzia.

Funga kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kiwiko nyuzi 90, kifundo cha mguu nyuzi 90 pia. Unyayo ukiachwa umening'inia, baadaye kisigino hakifiki chini. Kwa mkono, hogo liishie kabla ya konzi ili vidole vikunjike vyote.

Linaganda kwa dakika chache lakini kukauka ni saa 24 hadi 48, la mguu hata 72. Kabla ya hapo lisibebeshwe uzito, wala lisifunikwe blanketi. Siku 2 hadi 3 za mwanzo mkono uwe juu ya usawa wa moyo, mguu juu ya mito. Na kile kijiti cha kukunia, jamani! Kinachuna ngozi, pamba inajikunja, baada ya wiki unasikia harufu.

Jambo moja watu hawalijui: uvimbe ukinywea, wiki ya 1 au ya 2, hogo linalegea na mifupa inahama kimyakimya. Ile eksirei ya marudio siyo ya kula hela. Ukigundua imehama wiki ya 2, bado inarekebishika. Ukigundua wiki ya 6, imeshaunga ikiwa imepinda na dawa yake ni kuvunja upya thieta.

#5 Mwanakwerekwe

Bi Nuru shikamoo. Nauliza bila nia ya ubishi: mbona waganga wa mifupa vijijini wanafunga kwa vijiti na watu wanapona? Hospitali ya mkoa iko mbali na vyuma ni gharama.

#6 Daktari wa Zamu

Nijibu mimi hili. Wanapona kwa sababu aliyoieleza Gango hapo juu: mfupa hujiunga wenyewe. Uliovunjika bila kuhama, ngozi nzima, ukishikiliwa na kitu chochote kwa wiki za kutosha utaunga. Sifa za mganga zinajengwa na kundi hilo, na ni kundi kubwa. Nampa haki yake. Shida ni kundi la pili.

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 ameanguka kutoka kwenye mwembe, amevunja mfupa wa mkono juu kidogo ya kiwiko. Hapo mbele unapita mshipa mkuu wa damu. Kiwiko kinavimba, kinafungwa vijiti kwa kamba na kukazwa. Uvimbe hauna pa kwenda, shinikizo ndani ya nyama linapanda, damu ndogondogo inashindwa kupita. Misuli ikikosa damu kwa kama saa 6, inaanza kufa. Ikishakufa inageuka kovu, kovu linajikunja, vidole vinabaki vimekunjamana maisha yote. Richard von Volkmann alilieleza jambo hili mwaka 1881 na chanzo alichokitaja ni bandeji iliyokazwa. Hogo la hospitali likibana linafanya vilevile, kwa hiyo hili si la waganga peke yao.

Dalili ya kushika: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, dawa haisaidii, na ukimnyoosha vidole wewe mwenyewe taratibu anapiga kelele. Ganzi inafuata. Usisubiri vidole viwe vya baridi au mapigo yapotee. Mapigo yanaweza kuwapo mpaka misuli imeshakufa. Mtoto hasemi "nina ganzi", analia tu na hatulii. Hatua ni moja: kata kila kilichofungwa, hogo na pamba hadi ngozi ionekane, urefu wote. Kiungo kiwe usawa wa moyo, si juu yake, maana kukiinua hapa kunapunguza damu inayoingia. Kisha mbio hospitali, asipopata nafuu atahitaji kupasuliwa ngozi na utando wa misuli kupunguza shinikizo.

Kundi la tatu: mfupa uliotoboa ngozi. Hata kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele juu ya mfupa uliovunjika ni mlango wa vijidudu. Funika kwa kitambaa safi kibichi, usirudishe mfupa ndani kwa kidole, usiweke majivu wala kinyesi cha ng'ombe (pepopunda inakaa humo). Antibayotiki ya mshipa ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, sindano ya pepopunda, halafu kuoshwa thieta kwa lita kadhaa za maji ya chumvi. Anayeshonewa kidonda juu harakaharaka na kurudishwa nyumbani, mara nyingi anarudi na usaha ndani ya mfupa, na mfupa wenye usaha hauungi.

Na paja: likivunjika, lita 1 hadi 1.5 ya damu inaweza kuingia ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Kumpakiza katikati ya watu wawili kwenye pikipiki ni hatari. Funga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima, mlaze, umsafirishe hivyo.

#7 Kibuyu

Somo zito. Sasa hapa kwenye msosi: kongoro inasaidia au tunajifariji?

#8 Gango

Kunywa kwa utamu wake. Ule ulaini unaonata midomoni ni kolajeni iliyoyeyuka. Ikifika tumboni inavunjwavunjwa kama protini nyingine yoyote, haitembei kwenda kwenye ufa. Na kalsiamu ya mfupa wa ng'ombe haiyeyuki kirahisi kwenye maji, supu yake ina kidogo sana. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaipita kongoro mbali. Ongeza protini ya maharage, mayai au samaki, na matunda yenye vitamini C, maana bila hiyo kolajeni haitengenezwi sawasawa. Vitamini D hapa kwetu inatoka juani, ila mgonjwa aliyelazwa ndani miezi 3 halioni jua.

Kinachochelewesha kweli ni sigara. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, ileile ambayo muundi unaililia. Kisukari kisichodhibitiwa nacho kinachelewesha. Diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa siku chache sioni tatizo, lakini kujinunulia dukani mwezi mzima siungi mkono: inazima sehemu ya ishara za ule uvimbe wa mwanzo unaoita wajenzi. Parasetamo ianze.

Kwa wa Arusha na jirani zake, ambako maji ya maeneo kadhaa yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita inayoshauriwa na WHO, kumbukeni magadi ya kulainishia maharage yanaweza kuongeza nyingine. Kuchemsha hakuiondoi, kunaikusanya. Mfupa ulioshiba floraidi unaonekana mzito kwenye eksirei lakini ni mwepesi kukatika.

#9 Fizio wa Tanga

Mmeongelea mfupa, kiungo chenyewe mmekisahau. Gegedu la kwenye goti au kiwiko halina mishipa ya damu. Chakula chake ni ute wa kiungo, na ute unaingia pale gegedu linapokandamizwa na kuachiwa, yaani kwa mwendo. Kiungo kikifungwa wiki 6, gegedu linadhoofika, mfuko wake unasinyaa, misuli inaisha. Kwa hiyo kila kiungo ambacho hakikufungwa kianze kazi siku ya kwanza: mwenye hogo la kifundo cha mkono akunje na kunyoosha vidole vyote na ainue bega hadi juu ya kichwa, mara 10, kila saa akiwa macho. Mwenye hogo la mguu akaze msuli wa paja, ashikilie sekunde 5 hadi 10, aachie, mara 10, awamu kadhaa kwa siku.

Magongo: pawe na nafasi ya vidole 2 au 3 chini ya kwapa, kiwiko kikunjike kidogo, uzito uwe kwenye viganja. Anayening'inia kwa makwapa anaishia na mkono ulioshuka, kwa mshipa wa fahamu uliobanwa. Ngazi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mgonjwa na magongo vitangulie. Fimbo moja inashikwa upande wa mguu mzima, na wengi wanakosea hapo. Ukiambiwa "weka kilo 20 tu", usikisie. Kanyaga mizani ya bafuni ujue kilo 20 zinahisi vipi.

Kubwa kuliko yote: MSICHUE KIWIKO. Baada ya hogo kiwiko ni kigumu, mama anamkanda mtoto kwa maji ya moto na mafuta, anakinyoosha kwa nguvu, mtoto analia. Misuli iliyochanika ikikandamizwa hivyo inaweza kuota mfupa ndani yake, na hapo kiwiko kinafungwa moja kwa moja. Mtoto aachiwe acheze mwenyewe, kitafunguka kwa miezi. Mtu mzima afanye kwa nguvu zake mwenyewe, si za mtu mwingine.

#10 Mzazi Makini

Nimesikia mtoto akivunjika mfupa "unanyooka wenyewe", na pia nimesikia anaweza kubaki na mguu mfupi. Lipi ni lipi?

#11 Daktari wa Zamu

Yote mawili. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna bamba la gegedu la kukuzia. Upande mmoja seli zinazaliana, upande wa pili zinageuka mfupa, na hivyo ndivyo urefu unavyoongezeka. La paja lililo juu ya goti pekee linatoa kama asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja. Wasichana mabamba mengi hufunga mapema kuliko wavulana. La mwisho kabisa, la mtulinga upande wa kifua, linafunga mtu ameshapita miaka 20.

Mfupa uliopinda karibu na bamba, kwa mtoto mwenye miaka kadhaa ya kukua mbele yake, na ukapinda kufuata upande ambao kiungo hukunjikia, unajinyoosha vizuri. Uliojizungusha kwenye mhimili wake haujinyooshi, awe na umri wowote. Vidole vikiunga vimezungushwa, akikunja ngumi kidole kimoja kinapanda juu ya kingine.

Ufa ukipita kwenye bamba lenyewe ni habari nyingine. Salter na Harris walizigawa aina hizi katika makundi 5 mwaka 1963. Kundi la 1 na la 2 mara nyingi salama. La 3 na la 4 zinaingia kwenye kiungo, zinahitaji kupangwa barabara. La 5 ni kupondwa. Eksirei ya kwanza inaweza kuonekana safi, baada ya mwaka mguu unaanza kupinda. Kwa hiyo mtoto aliyeumia ncha ya mfupa afuatiliwe angalau mwaka, hata kama anacheza mpira.

#12 Kisiki

La mwisho kwangu: vyuma. Vitolewe au vibaki? Na msumari wa ndani ya paja unawekwaje kwenye hospitali isiyo na ile mashine ya eksirei ya thieta?

#13 Gango

Upo msumari uliobuniwa kwa hali hiyohiyo, wa SIGN, shirika alilolianzisha daktari Lewis Zirkle jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1999. Ni wa chuma kizima, si bomba, na unakuja na kifaa cha nje kinachoelekeza mahali pa kutoboa ili skrubu za kufunga zipite kwenye matundu bila kutazama eksirei. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wameutumia sana.

Kutoa: kwa mtu mzima asiye na shida navyo, viache. Vinatolewa vikiuma, vikichomoza chini ya ngozi, vikipata usaha, au kwa mtoto anayeendelea kukua, na kwa kawaida baada ya mwaka 1 hadi 1 na nusu, eksirei ikionyesha mfupa umekamilika. Vikitolewa, yale matundu ya skrubu yanabaki sehemu dhaifu kwa wiki 6 hadi 12: kutembea sawa, mpira na kubeba gunia hapana. Zile waya za mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko, zinazochomoza nje ya ngozi, ni tofauti kabisa: zinavutwa kliniki wiki ya 3 au ya 4, bila thieta, na zikiachwa wiki nyingi zaidi zinapitisha usaha.